Homoni ilipiga simu, mteja hakupatikana

Tulipokuwa kidato cha tatu, pedi za serikali zilikuwa zikigawanywa shuleni. Unapanga foleni nje ya ofisi ya mwalimu wa zamu, unatia sahihi, unapewa pakiti zako. Beshte yangu alikuwa anapanga foleni kama sisi wote. Tukirudi darasani ananipitishia zake chini ya dawati. "Chukua tu, mimi niko nazo nyumbani," alikuwa ananiambia. Mimi nikidhani kwao mambo ni poa. Kumbe hakuwa na haja nazo. Hakuwahi kuona hedhi hata siku moja.

Ukweli niliujua tukiwa na miaka 20. Alikuwa ameenda kupigwa picha ya tumbo, mpigaji akautafuta mji wa mimba asiuone. Damu ikapelekwa maabara, kromosomu zikaangaliwa. Majibu yaliporudi, daktari alimweleza kwa dakika kama tano hivi kwamba kromosomu zake ni XY, na kwamba tezi zilizo tumboni mwake si ovari bali ni korodani. Halafu akaita mgonjwa anayefuata.

Jioni hiyo alinipigia simu. Tuliketi kwa ngazi za ploti yao, stima zimepotea, watoto wanapiga kelele huko chini. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa mimi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, na biolojia yangu iliishia kidato cha nne, pale mwalimu anapochora XX na XY ubaoni, kengele inalia, anafuta. Lakini swali la rafiki huwezi kuliacha hewani. Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kwamba kile tulichofundishwa si uongo, ila ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili inahusu kitu kinachoitwa kipokezi, na wengi wetu tumemaliza shule bila kulisikia neno hilo. Yeye mwenyewe amenikubalia niandike, bila jina lake wala la mtaa.

Sote tulianza sawa

Kwa muda wa wiki sita hivi tangu mimba kutungwa, huwezi kutazama umbo la kiinitete ukasema huyu ni mvulana, yule ni msichana. Kromosomu zake zipo tayari, ndiyo, lakini mwili bado haujafuata upande wowote. Kiinitete kina tezi mbili changa ambazo zinaweza kuwa korodani au ovari. Kando yake kuna jozi mbili za mirija. Jozi moja inaitwa mirija ya Wolff, na ikilelewa inakuwa njia za kupitishia mbegu za kiume. Jozi ya pili ni mirija ya Müller, ambayo ikiachwa ikue inakuwa mji wa mimba, mirija ya uzazi na sehemu ya juu ya uke. Majina hayo ni ya wanasayansi wawili Wajerumani, Caspar Friedrich Wolff na Johannes Müller.

Kila mmoja wetu alikuwa na jozi zote mbili. Wewe kaka unayesoma hapa na ndevu zako, kuna wakati ulikuwa na vifaa vyote vya kuanzia kujenga mji wa mimba. Na wewe dada ulikuwa na mirija ya kubebea mbegu za kiume. Hata sehemu za nje zilikuwa za aina moja: kichipukizi kidogo ambacho kinaweza kuwa kinembe au kichwa cha uume, na mikunjo ambayo inaweza kuwa mashavu ya uke au mfuko wa korodani.

Kisha inaingia jeni iitwayo SRY. Jeni hii iko kwenye kromosomu Y, na iligunduliwa mwaka wa 1990 na watafiti wa London. Kwenye wiki ya sita au ya saba inawaka na kuziambia zile tezi changa ziwe korodani. Hapo kazi yake kubwa imekwisha. Haijengi uume, haileti ndevu, haiongezi sauti. Kutoka hapo kazi inachukuliwa na homoni.

Korodani hizo changa zina seli za aina mbili zinazotuma ujumbe. Seli za Sertoli zinatoa homoni iitwayo AMH, na ujumbe wake ni mmoja: mirija ya Müller iondoke. Seli za Leydig zinatoa testosteroni kuanzia kama wiki ya nane, na ujumbe wake ni kwamba mirija ya Wolff ibaki. Cha kushangaza ni kwamba mwanzoni seli hizo za Leydig zinasukumwa na homoni ya kondo la nyuma, hCG. Ni ileile inayotafutwa na kile kijiti cha kupima mimba unachonunua kwa kemia.

Sehemu nyingine za mwili hazitosheki na testosteroni yenyewe. Zina kimeng'enya kinachoibadilisha kuwa homoni kali zaidi, DHT. Hiyo ndiyo inayojenga uume, mfuko wa korodani na tezi dume.

Kwamba ujumbe ni zaidi ya mmoja, tunamshukuru Mfaransa Alfred Jost. Katika miaka ya 1940 aliwafanyia upasuaji vijusi vya sungura vikiwa bado ndani ya tumbo la mama, akaondoa zile tezi changa. Vijusi vyote, viwe vya kiume au vya kike, vilikua na mirija ya Müller na sehemu za nje za kike. Alipowawekea testosteroni peke yake, mirija ya Wolff ilibaki lakini ile ya Müller haikuondoka. Akajua lazima kuna mjumbe wa pili. Ndiye huyo AMH.

Kutuma si kufika

Hapa ndipo mwalimu wetu alipofuta ubao.

Homoni inasafiri kwa damu na damu inafika kila mahali. Testosteroni ya kijusi inapita kwenye goti, kwenye sikio, kwenye ini. Mbona basi goti haligeuki kuwa kitu kingine? Kwa sababu ujumbe ni wa yule aliye na simu, na simu yenyewe ndiyo kipokezi.

Kipokezi cha androjeni, yaani cha testosteroni na DHT, ni protini inayokaa ndani ya seli ikisubiri. Homoni inaingia ndani ya seli, inakamatana na kipokezi, na kipokezi kinabadilika umbo. Kikishabadilika kinaingia kwenye kiini cha seli, kinaungana na mwenzake, na wawili hao wanashika DNA mahali maalum na kuwasha jeni fulani. Seli ikaambiwa: kua, ishi, tengeneza hiki. DHT inashika kipokezi hicho kwa nguvu kuliko testosteroni na inakawia kukiachia. Ndiyo maana tunasema ni kali zaidi.

Sasa fikiria testosteroni imetumwa, tena nyingi tu, lakini kipokezi hakifanyi kazi. Homoni inapiga simu mara ya kwanza, ya pili, ya mia. Jibu ni lile tunalolijua sote: mteja hapatikani kwa sasa.

Na hapa kuna jambo lililonifanya nisome ukurasa mara mbili. Jeni inayotengeneza kipokezi cha androjeni haiko kwenye Y. Iko kwenye X. Yaani uwezo wa mwili kusikia homoni tunayoiita ya kiume unatoka kwenye kromosomu ambayo kila mvulana anaipata kwa mama yake. Mtu wa XX ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ikiharibika nyingine ipo. Mtu wa XY ana moja tu, na haina spea.

Beshte yangu, hatua kwa hatua

Nilirudi kwenye zile ngazi na daftari, nikamchorea.

SRY yake ilifanya kazi, kwa hivyo korodani ziliundwa. Korodani zikatuma AMH. Kipokezi cha AMH ni laini nyingine kabisa, hakihusiani na kile cha androjeni, na chake kilikuwa kizima. Ujumbe ukafika, mirija ya Müller ikaondoka. Ndiyo maana hana mji wa mimba. Korodani zikatuma testosteroni. Kipokezi hakikusikia, mirija ya Wolff nayo ikanyauka. Sehemu za nje hazikusikia DHT pia, zikaendelea na njia ya kike. Alipozaliwa mkunga akasema ni msichana, na hakukuwa na sababu yoyote ya kusema vingine.

Akafika umri wa kubalehe. Korodani zilizo tumboni zikaanza kutoa testosteroni kwa wingi. Mwili una kimeng'enya cha kubadilisha testosteroni kuwa estrojeni, kinaitwa aromatesi. Vipokezi vya estrojeni vilikuwa sawa. Matiti yakaota, nyonga zikapanuka. Nywele za kwapani ni chache sana, kwa sababu hizo zinahitaji kipokezi cha androjeni, hata kwa wanawake. Tulikuwa tunamwonea wivu kwa hilo shuleni. Hedhi haikuja, na haingekuja, maana damu ya mwezi hutoka kwenye mji wa mimba.

Alinyamaza kidogo akiangalia mchoro. Kisha akasema, "Kwa hivyo hakuna kitu kilichokosewa. Kila sehemu ilifuata kile ilichosikia." Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo.

Hali hii kitaalamu ni mwili kutosikia androjeni kabisa. Mwaka wa 1953 daktari Mmarekani John Morris alikusanya visa 82 na kuipa jina lililotaja korodani na uanamke pamoja. Jina hilo limeachwa kwa kuwa liliwaumiza wenye hali yenyewe. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja kati ya kila watoto 20,000 hadi 64,000 wanaozaliwa na XY. Wapo pia ambao kipokezi chao kinasikia nusunusu, kama kupiga simu ukiwa mahali pasipo na mtandao mzuri. Hao wanaweza kuzaliwa na sehemu za siri ambazo si rahisi kuziita za kike wala za kiume, au wakawa wanaume kamili kwa nje wenye shida ya kupata watoto.

Laini zingine zikikatika

Ukishaelewa habari ya kipokezi, mambo mengi yanayoitwa laana mtaani yanaanza kueleweka.

Chukua kipokezi cha AMH. Kikiharibika kwa mtoto wa XY, testosteroni inasikika vizuri, uume na kila kitu cha nje kinakuwa sawa, lakini mirija ya Müller haikupata habari kwamba iondoke. Wanaume wa hivyo wapo. Wengine wamegundua kuwa wana mji wa mimba siku walipofanyiwa upasuaji wa ngiri.

Kuna wakati kipokezi ni kizima, tatizo ni mpigaji. Mtoto wa XX anaweza kurithi hitilafu kwenye tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, zikatoa androjeni kupita kiasi akiwa bado tumboni. Vipokezi vyake vinasikia, kinembe kinakua kikubwa, mkunga anaweza kudhani ni mvulana. Ndani mji wa mimba upo na ovari zipo. Hii ndiyo hali ambayo haitaki mchezo hata kidogo, kwa sababu baadhi ya watoto hao mwili wao unapoteza chumvi. Katika wiki chache za kwanza wanaanza kutapika, wanakauka maji, wanalegea, na wasipotibiwa haraka wanakufa. Dawa ipo. Kwa hivyo mtoto mchanga mwenye sehemu za siri zisizoeleweka, au "mvulana" ambaye korodani zote mbili hazishikiki kwa mkono, apelekwe hospitalini upesi, asifichwe.

Kuna pia pale ambapo testosteroni haigeuzwi kuwa DHT kwa kukosa kimeng'enya. Mwaka wa 1974 watafiti waliandika kuhusu familia za kijiji kimoja katika Jamhuri ya Dominika ambako watoto kadhaa wa XY walizaliwa wakionekana wasichana, wakalelewa hivyo, kisha wakati wa kubalehe testosteroni ilipopanda, uume ukakua na sauti ikawa nzito. Kipokezi chao hakikuwa na shida yoyote. Kilikuwa kikisubiri mpigaji mwenye sauti ya kutosha.

Na kuna matapeli wa simu. Dawa iitwayo DES ilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1938. Ni estrojeni ya maabara, na kipokezi cha estrojeni hakiwezi kuitofautisha na ile halisi. Tangu miaka ya 1940 wajawazito Marekani na kwingineko walipewa wakiamini inazuia mimba kutoka. Mwaka wa 1953 utafiti uliofanywa Chicago ulionyesha haizuii. Bado iliendelea kutolewa. Mwaka wa 1971 madaktari wa Boston wakaripoti saratani adimu ya uke kwa wasichana wadogo ambao mama zao walimeza DES walipokuwa na mimba yao. Wengine walikutwa na mji wa mimba wenye umbo la herufi T. Ndani ya tumbo la mama, mirija ya Müller ya vijusi hivyo ilipokea simu isiyokuwa yake, kwa wakati usiokuwa wake. Ndiyo sababu ukiwa mjamzito usimeze dawa yoyote kwa kuelekezwa na jirani.

Jambo la mwisho kwenye orodha hii ni kuhusu sisi wasichana. Kwa miaka mingi vitabu vilisema mwili wa kike ni ule unaotokea tu pale ambapo hakuna ujumbe, kama nyumba iliyoachwa bila fundi. Mwaka wa 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba si hivyo. Mirija ya Wolff kwenye kijusi cha kike haififii tu kwa kukosa testosteroni, bali inaondolewa, na kazi hiyo inahitaji protini iitwayo COUP-TFII. Protini hiyo iko katika ukoo wa vipokezi, na wanasayansi wanaiita kipokezi yatima, maana homoni yake haijajulikana. Kumbe hata kuwa wa kike ni kazi inayofanywa.

Mkimbiaji wa Kobe

Wakati beshte yangu alikuwa bado hataki kutoka nyumbani, nilimsimulia kuhusu María José Martínez-Patiño. Alikuwa Mhispania, mkimbiaji wa kuruka viunzi. Mwaka wa 1985 alienda Kobe, Japani, kwa michezo ya vyuo vikuu. Siku hizo wanariadha wa kike walipimwa kromosomu. Chake kikatoka XY. Akashauriwa ajifanye ameumia asikimbie.

Mwaka uliofuata alikimbia kwao, akashinda, na siri ikatolewa kwenye magazeti. Akapoteza ufadhili wa masomo, rekodi zake zikafutwa, mchumba akaondoka. Lakini alikuwa na kitu cha kujitetea nacho: mwili wake haukuwa ukisikia testosteroni hata kidogo. Tukizungumzia faida ya homoni hiyo kwenye misuli, wanawake wote aliokimbia nao walikuwa wakiisikia kuliko yeye. Mwaka wa 1988 shirikisho la riadha la dunia lilimrudishia haki ya kushindana. Muda ulikuwa umemwacha, na nafasi ya kwenda Olimpiki ya 1992 ilimponyoka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu, na hadithi yake ameiandika mwenyewe kwa jina lake.

Beshte yangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na yule mchumba alirudi?" Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu yale majibu.

Sanduku la tatu kwenye fomu

Hapa Kenya mambo yamesonga, ingawa polepole. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mfungwa mmoja huntha aliyekuwa Kamiti. Ikampa fidia ya Sh500,000 kwa jinsi alivyodhalilishwa alipokuwa akipekuliwa, lakini ikakataa kutambua kundi la tatu. Mwaka wa 2014 ikaja kesi ya mtoto aliyejulikana kama Mtoto A. Alipozaliwa mwaka wa 2009, mahali pa kuandika jinsia kwenye karatasi zake hospitalini paliwekwa alama ya kuuliza. Jaji Isaac Lenaola alimwagiza Mwanasheria Mkuu aeleze ni chombo gani kitakachokusanya takwimu za watoto kama hao na kuandaa mwongozo wa kuwahudumia.

Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 ilimpa huntha haki ya kuchagua jinsia ya mtu atakayempekua. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza: watu 1,524 katika nchi ya watu milioni 47.6. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto huntha, na inakataza kubadilishwa au kuondolewa viungo vyake bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Hiyo 1,524, piga hesabu, ni kama mmoja kati ya watu 31,000. Mimi siamini hiyo ndiyo idadi kamili. Mwaka huo wa sensa karani alifika kwa ploti yao, na beshte yangu alihesabiwa mwanamke. Hakudanganya mtu. Alikuwa bado hajui.

Neno lenyewe ni shida pia. Wengi husema "mwenye jinsia mbili". Angalia mchoro wangu tena uniambie mbili ziko wapi. Hana mji wa mimba, hana uume. Ana mwili mmoja uliosikia baadhi ya ujumbe na haukusikia mwingine. Yeye anajiita mwanamke, na wengi wenye hali yake wanajiita hivyo. Mwingine atachagua neno huntha. Ni la mwenyewe kuchagua.

Kuhusu zile korodani za ndani, daktari wa pili, aliyemweleza kwa utulivu, alimwambia kwamba hatari ya saratani ipo lakini kabla ya kubalehe ni ndogo, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi hawakimbilii kuziondoa utotoni. Zikiondolewa, mtu anahitaji dawa za estrojeni ili mifupa isidhoofike. Uamuzi anaufanya mtu mzima, akiwa ameelezwa yote.

Kama wewe ni msichana, umefika miaka 15 na hedhi haijaanza, nenda kliniki uulize. Mara nyingi ni jambo dogo tu. Mzazi, kama binti yako mdogo ana uvimbe wa ngiri kwenye kinena, hasa pande zote mbili, mwulize daktari kama ni ngiri tu. Wakati mwingine kilicho ndani ni korodani. Na ukipewa majibu kama ya beshte yangu, usikubali yale ya dakika tano. Una haki ya kuuliza hadi uelewe.

Mama yake

Lilibaki jambo moja alilolihofia kuliko mengine. Jeni iko kwenye X. X yake ameipata kwa mama. Katika karibu thuluthi moja ya visa hitilafu huanza upya kwa mtoto mwenyewe, lakini vingine vyote imebebwa na mama ambaye hana dalili yoyote, kwa kuwa X yake ya pili inamfunika.

"Nikimwambia hivyo atasema kosa ni lake," alisema. Mama huyo alikuwa ameshasemwa vya kutosha. Upande wa baba ulidai alikiuka miko akiwa mjamzito. Kanisani alifungishwa mara mbili, akatoa sadaka ya kuondoa laana. Sasa umletee sayansi nayo imnyooshee kidole?

Alikaa miezi minne kabla ya kusema. Alimwambia jikoni, wakichambua sukuma. Akamwelezea vile nilivyomwelezea mimi, laini kwa laini, simu kwa simu. Akamwambia kwamba kubeba si kukosa, kwamba hakuna alichokula, alichosema wala alichoota kilichoweza kubadilisha kitu katika zile wiki za kwanza, wakati hata hakuwa amejua vizuri kuwa ana mimba.

Mama hakulia. Alinyamaza muda mrefu, mboga mkononi. Kisha akaanza kuzungumzia dada yake mkubwa, ambaye beshte yangu anamjua kwa picha moja tu iliyo sebuleni. Alikuwa mrefu, mrembo, ngozi laini. Aliolewa akiwa na miaka 18, akakaa miaka sita bila mtoto, akarudishwa kwao na nguo zake kwenye gunia. Wakasema amerogwa. Wakasema ndiye mchawi. Alifariki akiwa peke yake.

"Mama yako mkubwa," alimwambia, "hakuwahi kuniomba kitambaa hata siku moja. Tulilala kitanda kimoja miaka yote hiyo, na sikuwahi kujiuliza."

Hakuna atakayepima damu ya marehemu. Lakini Jumapili iliyofuata mama aliitoa ile picha ukutani, akaifuta vumbi, akairudisha mahali pake, na wageni walipokuja wakauliza huyu ni nani, alisema jina lake kwa sauti. Beshte yangu anasema hajawahi kulisikia likitajwa katika nyumba hiyo.